Mvuke wa Menengai

Ukiwa shambani Bahati, karibu na Nakuru, mlima wa volkeno wa Menengai uko upande jua linakotua. Asubuhi za baridi mvuke huonekana ukipanda kutoka shimoni mwake. Wamaasai husimulia vita vya karne ya 19, ambapo Walaikipia walishindwa na ndugu zao wenyewe na morani wao wakasukumwa wakatumbukia humo. Mvuke ule, wanasema, ni roho zao zinazotafuta njia ya kwenda mbinguni. Wakikuyu nao waliupa mlima jina Kirima kia Ngoma.

Napenda kuanzia kwenye simulizi hilo la Wamaasai kwa sababu roho zile hazijafika, lakini pia hazijafungiwa. Bado zinapanda.

Neno hilo la Kikuyu, ngoma, limepita njia nyingine. Zamani ngoma walikuwa wafu wa nyumbani. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha 1938, Facing Mount Kenya, anataja ngoma za wazazi, za ukoo na za rika: watu waliokufa lakini wakabaki jamaa, wakikasirika, wakipatanishwa, wakimwagiwa pombe. Leo ukimwita mtu ngoma, umemwita shetani. Kiswahili kilipatwa na jambo kama hilo. Kuzimu ni kwa mizimu, makao ya waliokufa wote, wema kwa wabaya. Watafsiri wa Biblia wakalitumia neno hilo kwa Hadesi ya Kigiriki, na pembeni yake wakaliweka Jehanamu, neno lililotufikia kupitia Kiarabu kutoka Bonde la Hinomu, nje ya kuta za Yerusalemu. Mimbarini maneno haya mawili yameshikana hadi msikilizaji haoni tena tofauti. Kuzimu kukawaka moto, na babu zetu walikuwa humo tayari.

Kwangu mimi, mjadala wa wokovu wa wote na adhabu ya milele unaanzia hapo kwa watu wa huku. Katika mazishi, kabla kaburi halijafukiwa, mhubiri huwageukia waombolezaji na kuuliza: ukifa leo utaenda wapi? Siku moja mama mzee aliyesimama karibu nami aliinama akaninong'oneza, "Na baba yangu, mwanangu? Alikufa kabla hajasikia jina la Yesu." Nilitazama chini. Sikuwa na jibu.

Makanisa yanayotuzunguka hayamjibu kwa sauti moja. Wapresbiteri wana nyuma yao Ungamo la Westminster la miaka ya 1640, lisilowaachia waovu mlango wowote. Wakatoliki wana toharani na misa za Novemba za kuwaombea marehemu. Waadventista Wasabato husema mwovu atateketea aishe, hatateswa bila kikomo. Waanglikana wana historia ya ajabu kidogo: kanuni zao 42 za mwaka 1553 zilimlaani waziwazi anayefundisha kwamba watu wote wataokolewa, lakini kanuni hizo zilipopunguzwa miaka kumi baadaye, kifungu hicho kiliondolewa na hakijarudi.

Aliyelichunguza jambo hili kwa undani zaidi katika nchi yetu ni John Mbiti, mzaliwa wa Kitui. Kitabu chake cha 1971 kuhusu mambo ya mwisho kinalinganisha Agano Jipya na imani ya Wakamba waliofundishwa na Misheni ya Africa Inland. Aliona kwamba watu ambao wakati wao ulielekea zamani, kwa wazee waliotangulia, walipewa picha za moto na za mji wa dhahabu, wakazishika kama zilivyo, kama mtu anavyoelezwa njia ya kwenda sokoni. Mbiti mwenyewe aliona vigumu kuamini kwamba ukaidi wa roho ya mtu unaweza kuushinda uvumilivu wa Mungu milele. Naye alikuwa padri wa Kianglikana, si mwasi.

Wapo wanaosema tumaini hili la wokovu wa wote ni fikra ya Wazungu waliochoka na dini. Hapana. Aliyelitetea mapema kwa nguvu kubwa ni Origen wa Aleksandria, Misri, katika karne ya 3. Mafundisho yanayohusishwa naye yalilaaniwa Konstantinopoli mwaka 553, yeye akiwa amekufa miaka 300. Aliyelipinga kwa hoja nzito ni Augustino wa Hippo, katika Algeria ya leo. Katika kitabu cha 21 cha Mji wa Mungu alisema hivi: Mathayo 25 inatumia neno lilelile kwa uzima na kwa adhabu, basi ukiipa adhabu kikomo, uzima nao utakuwa na kikomo. Ni hoja ngumu. Anayejibu kwamba neno hilo la Kigiriki lahusu enzi ijayo, wala si urefu wa muda tu, bado ana kazi ya kufanya.

Lakini hoja ngumu kuliko ya Augustino iko hapahapa. Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, watu waliuawa Nakuru, nyumba zikachomwa, maelfu wakalala kwenye mahema ya uwanja wa maonyesho. Kesi zilizopelekwa The Hague kuhusu ghasia hizo ziliisha, moja ikiondolewa mwaka 2014 na nyingine ikifungwa mwaka 2016, bila yeyote kuhukumiwa kwa mauaji yale. Mjane wa mwaka ule akisikia kwamba wote wataokolewa, atasikia kwamba muuaji wa mumewe ameponyoka tena, mara hii mbele za Mungu. Sitathubutu kumwambia asiitamani jehanamu.

Ndiyo maana nategemea zaidi Gregori wa Nisa, askofu wa karne ya 4, ambaye hakulaaniwa na mtaguso wowote. Kwake moto upo, na unauma kwa kadiri ya uovu uliomshika mtu, kama moto unaotenga dhahabu na takataka. Muuaji haukwepi. Anaupitia mpaka kila alichokificha kiwe kimetoka, na mjane awepo kukiona kikitoka. Wokovu wa wote usiopita kwenye moto huo siutaki.

Mama yule mzee bado yupo. Mazishi yajayo ningetamani mhubiri, akimaliza kumwombea marehemu, ataje pia jina la baba yake huyo mama, alitamke kwa Kikuyu, halafu wote waitikie amina.