Nani Aliyekubali Jina Lake Liandikwe?

Kampuni kubwa za chai zilipoingia Kericho, Kenya, katikati ya miaka ya 1920, Brooke Bond ikiwemo, kibarua tayari alikuwa kwenye orodha ya serikali. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alichukuliwa alama za vidole, akapewa karatasi ya kubeba shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Dole lilikuwa lake, ridhaa haikuwa yake. Hata kuacha kazi kulihitaji sahihi ya mwajiri; akiondoka bila sahihi hiyo, alihesabiwa mtoro.

Chai ya wakulima wadogo ilikuja na utaratibu mwingine. Chini ya mamlaka ya mazao maalumu ya mwaka 1960, kisha KTDA, mamlaka ya ustawishaji wa chai ya Kenya, kuanzia 1964, mkulima aliandikishwa akapewa namba. Nyanya yangu alikuwa akishusha kikapu kituoni, karani anakagua majani, anatundika mzigo kwenye mizani, anaandika kilo na kumkatia risiti. Namba iliyoandikwa pale ilikuwa ya babu, kwa sababu shamba lilikuwa kwa jina lake. Nyanya alichuma, akabeba, akaitikia. Bonasi ikalipwa kwa babu. Jambo hilo linaniuma hadi leo, na nyumba nyingi za Bomet zinalijua.

Sasa mimi ndiye ninayeandaa orodha: anwani za barua pepe za wakulima wa eneo letu, wapate habari za mbolea, malipo na mikutano. Ingekuwa rahisi kunakili karatasi ya mahudhurio na kuanza kutuma. Lakini kwenye karatasi ile jirani humwandikia jirani. Kwa hiyo nimechagua uthibitisho wa hatua mbili: mtu anatoa anwani, anatumiwa ujumbe, na haingii kwenye orodha mpaka abonyeze kukubali. Najua wapo watakaopotea njiani, kwa kuwa ujumbe mwingine huangukia kwenye taka. Heri orodha fupi. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 nayo inamtaka anayetunza taarifa za watu aweze kuonyesha kwamba waliridhia, na inamruhusu mtu kuondoa ridhaa yake wakati wowote.

Mume na mke namwandika kila mmoja kwa anwani yake. Asiyezoea barua pepe namsomea ujumbe wote baada ya mkutano, simu ikiwa mkononi mwake, naye anabonyeza mwenyewe au anakataa.