Elimu bila ada, mbona uji bado tunachangia?

Tangu Januari 2016 shule za umma Tanzania Bara hazitozi ada kuanzia darasa la kwanza hadi kidato cha nne. Lakini Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016, unaotaja kazi za kila upande, umemwachia mzazi sare, madaftari, matibabu na chakula cha mtoto wa kutwa. Wengi hawajui hilo.

Ndiyo maana wazazi hukutana na kukubaliana: debe la mahindi kwa kila mtoto, maharage, na fedha kidogo za mpishi na mashine ya kusaga. Kamati zenye uzoefu hukusanya wakati wa mavuno. Ukisubiri Februari, debe hilo hulipati.

Swali gumu ni mtoto ambaye kwao hakuna debe la kutoa. Kuna shule ambako husimama pembeni wenzake wakinywa uji. Hiyo si adhabu kwa mzazi, ni kwa mtoto. Bora sufuria iwe ya wote, na pengo lizibwe na shamba la shule au wenye uwezo.

Kutoa ni hiari, na Serikali imekataza kumrudisha mwanafunzi nyumbani kwa sababu ya mchango. Akirudishwa, mwone mwalimu mkuu, kisha mwenyekiti wa kamati ya shule, kisha afisa elimu kata. Nawe ukitoa, dai risiti, na hesabu ya magunia ibandikwe kwenye ubao wa matangazo.