Hekima: Chuo cha Wajesuiti kilichoanza na mapadre, kikawafungulia milango wapatanishi

MKAAZI wa Buruburu, Umoja au Dandora anayetaka kufika Chuo cha Hekima sharti apande matatu hadi katikati ya jiji la Nairobi, kisha ashike nyingine ifuatayo Barabara ya Ngong kuelekea magharibi. Safari hiyo huvuka mpaka wa kale. Serikali ya kikoloni iliwatengea Waafrika makao upande wa mashariki, katika mitaa kama Pumwani, Kaloleni na Bahati, huku vitongoji vya magharibi vikiwekewa Wazungu. Hekima kilijengwa upande huo wa magharibi.

Hata hivyo, somo ambalo chuo hicho kimekuja kujulikana nalo, yaani namna ya kumaliza uhasama bila kumwaga damu, linaihusu mitaa ya Eastlands kuliko sehemu nyingi za jiji.

Asili ya Wajesuiti

Shirika la Yesu, ambalo wafuasi wake huitwa Wajesuiti, lilianzishwa na Mtakatifu Ignasi wa Loyola na kuidhinishwa na Papa Paulo wa Tatu mwaka 1540. Miaka miwili baadaye, mmoja wa waasisi wake, Mtakatifu Fransisko Ksaveri, alitia nanga Malindi akiwa safarini kwenda India. Mwaka 1548 shirika lilifungua chuo mjini Messina, Italia, na tangu hapo elimu ikawa kazi yake kuu.

Kwingineko duniani, vyuo vikuu vingi vya Wajesuiti vilianza kama shule za vijana wa kawaida. Georgetown cha Marekani, kwa mfano, kilianzishwa mwaka 1789 na baadaye kikapata vitivo vya tiba na sheria. Hekima kilipita njia tofauti. Kilianza kwa kuwaandaa watu wa kanisa, kisha kikawapanulia milango wasiokuwa mapadre wala watawa.

Kuanza mwaka 1984

Hekima kilifunguliwa Nairobi mwaka 1984 kikiwa chuo cha theolojia. Malezi ya Mjesuiti huchukua miaka mingi: unovisi wa miaka miwili, masomo ya falsafa, kipindi cha kazi, halafu theolojia kabla ya upadrisho. Kuwepo kwa chuo Nairobi kulimaanisha kwamba kijana wa Kiafrika angeweza kuimaliza hatua hiyo ya mwisho barani mwake, akiyatazama maswali ya imani kwa macho ya jamii anayokusudiwa kuihudumia. Jina lenyewe lilichukuliwa kutoka Kiswahili.

Mwaka huo huo, maaskofu wa Afrika Mashariki walianzisha Nairobi taasisi iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, CUEA. Taasisi hiyo ilizinduliwa rasmi na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1985, ikapata hati ya chuo kikuu mwaka 1992. Hekima kiliungana nayo kama chuo kishiriki, na kwa njia hiyo wanafunzi wake wakaweza kutunukiwa shahada za chuo kikuu.

Wakati huo shirika lenyewe lilikuwa likikua. Kanda ya Afrika Mashariki ilipandishwa hadhi na kuwa Jimbo la Wajesuiti mwaka 1986. Mwaka 1994 Chuo cha Arrupe kilianzishwa mjini Harare, Zimbabwe, kwa masomo ya falsafa. Nacho kilikuja kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2017.

Shule ya amani

Mwaka 1994 ulileta pia msiba. Tarehe 7 Aprili, mauaji ya kimbari yalipoanza Rwanda, mapadre watatu wa Kijesuiti walikuwa miongoni mwa waliouawa katika Kituo cha Christus, Kigali. Vita vilikuwa vikiendelea Somalia na kusini mwa Sudan, na wakimbizi walimiminika Kenya. Eastleigh, mtaa wa Eastlands, ukawa makao ya maelfu ya Wasomali waliokimbia kwao.

Mwaka 2004 Hekima kilianzisha taasisi ya masomo ya amani na uhusiano wa kimataifa. Ulikuwa wakati mwafaka, kwani Kenya ilikuwa mwenyeji wa mazungumzo ya amani ya Somalia na ya Sudan. Mkataba wa Sudan ulitiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Taasisi hiyo iliwapokea walei, wanaume kwa wanawake, kusomea shahada ya uzamili. Chuo kilichozoea makasisi kikaanza kuwafunza pia watu wa kazi za kiraia.

Mtihani wa 2008

Miaka mitatu tu baadaye, vita havikuwa tena habari za nchi jirani. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia zilizuka pande nyingi za Kenya. Katika Eastlands, Mathare, Huruma, Kariobangi na Dandora ziliathirika, na wapangaji wakafukuzwa vyumbani mwao kwa sababu ya kabila. Tume ya Waki iliripoti vifo 1,133 nchini kote. Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia saini mwafaka tarehe 28 Februari 2008, Kofi Annan akiwa mpatanishi.

Mwafaka wa viongozi ulizima moto, lakini haukumrejesha kila mpangaji chumbani mwake wala kuondoa hofu kati ya majirani. Kazi hiyo huhitaji watu wanaojua chanzo cha uhasama, sheria, na namna ya kuwaketisha mahasimu pamoja. Hapo ndipo thamani ya masomo ya Hekima hupimwa.

Mwaka 2010 Wajesuiti walianzisha Nairobi taasisi ya historia yao barani Afrika. Tarehe 27 Novemba 2015, Papa Fransisko, Mjesuiti wa kwanza kuwa Papa, alizuru parokia ya shirika hilo katika mtaa wa mabanda wa Kangemi, akashutumu dhuluma wanayotendewa maskini wa mijini. Kangemi nako ni magharibi mwa jiji. Lakini maneno hayo yangeweza kusemwa Mathare au Dandora, wala neno moja lisihitaji kubadilishwa.