Uwezo wa Kiwanda Unaanzia Wapi? Somo la Tairi kwa Watu wa Ufipa

Kila kiwanda kipya kinapozinduliwa tunatajiwa uwezo wake: tani kadhaa kwa mwaka, ajira kadhaa, mashine za kisasa. Ni nadra kuambiwa, miaka mitano baadaye, ni sehemu gani ya uwezo huo inayotumika. Kwangu swali hili la pili ndilo lenye uzito zaidi katika historia ya uchumi wetu. Ninalitazama kutokea Sumbawanga, mji ambao haukuwahi kuwa na kiwanda cha tairi, lakini ulilipia udhaifu wa viwanda vilivyokuwa mbali nao.

Ufipa kulikuwa na uzalishaji mkubwa kabla ya neno "kiwanda" kupata maana tuliyonayo leo. Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuru marefu ya udongo yaitwayo malungu, ambayo hewa iliingia yenyewe kupitia matundu ya chini bila kuvukutwa. Chuma hicho kilisafishwa katika tanuru dogo, kintengwe, kisha kikafuliwa majembe na zana nyingine. J. A. R. Wembah-Rashid aliandika juu ya mafundi hao mwaka 1969. Malungu yalifanya kazi kiangazi na kulala masika, watu walipokuwa mashambani. Kulala huko kulikuwa ni mpango. Mawe, kuni za mkaa na udongo vilipatikana jirani, na aliyeamua lini moto uwashwe alikuwa fundi mwenyewe. Kazi hiyo ilififia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, majembe ya kuagizwa yalipoenea.

Sisemi turudi kwenye malungu. Nataka tuone tofauti kati ya kulala kwa ratiba na kulala kwa kukosa.

Mwaka 1969 Tanzania, kupitia Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC), iliungana na kampuni ya General Tire ya Marekani kuanzisha General Tyre ya Arusha, iliyoanza kutengeneza tairi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tairi, hata hivyo, si mpira peke yake. Linahitaji mpira asilia, mpira wa kutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli, masizi maalumu, nyuzi za nailoni na waya wa chuma. Sehemu kubwa ya vitu hivyo iliagizwa nje kwa fedha za kigeni. Viwanda vya plastiki vilikuwa na ugonjwa huohuo: mashine ya ndoo ipo, umeme upo, lakini punje za plastiki za kuyeyusha zinatoka ng'ambo.

Kwa hiyo mashine zilikuwa zetu, lakini ufunguo wa kuziwasha ulikuwa katika mgao wa fedha za kigeni. Ufunguo huo ulizidi kuwa mgumu kupatikana. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Vita vya Kagera vilifuata 1978 na 1979. Mauzo yetu ya nje yalidorora. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 viwanda vingi nchini vilikuwa vikifanya kazi chini ya theluthi moja ya uwezo uliosimikwa.

Wachumi wetu hawakuwa wamelala. Samuel Wangwe alichapisha uchambuzi wake wa matumizi ya uwezo wa viwanda vya Tanzania mwaka 1977, kabla hali haijafika pabaya kabisa. Tatizo lilikuwa kwamba fedha za kujenga kiwanda kipya zilipatikana kwa urahisi kuliko fedha za kununua malighafi ya kiwanda kilichopo. Wafadhili walipenda miradi yenye jengo la kuonyesha, na viongozi wetu nao walipenda mawe ya msingi. Kiwanda kinachozalisha robo ya uwezo wake bado hulipa walinzi, mameneja, riba na umeme. Gharama yote huangukia bidhaa chache zinazotoka.

Na bidhaa hizo chache zisipotosha, nani hukosa? Mkoa wa Rukwa uliundwa mwaka 1974, wakati ambapo bei moja ya mahindi nchi nzima iliwavutia wakulima wa mikoa ya mbali kulima zaidi. Mkulima wa Ufipa aliitikia. Lakini kutoka Sumbawanga hadi reli ya TAZARA pale Tunduma ni zaidi ya kilomita 200, na kwa miongo mingi barabara hiyo haikuwa na lami. Lori lililokosa tairi, vipuri au dizeli halikuwa na namna ya kufika. Mahindi yaliyosubiri lori ni sehemu ya takwimu za viwanda, ingawa hayakuandikwa humo.

Baada ya mageuzi yaliyoanza mwaka 1986 uagizaji ulilegezwa, na tairi za nje zikajaa sokoni. Hisa za Wamarekani zilikuwa zimepita mikononi mwa Continental ya Ujerumani, iliyoinunua General Tire mwaka 1987. Kiwanda cha Arusha kiliyumba, na kabla ya muongo wa kwanza wa karne hii kwisha kilikuwa kimesimama. Ilhali NDC ilibaki na mashamba ya mpira ya Kihuhwi, Muheza, na Kalunga, Kilombero: utomvu nyumbani, kiwanda kimya.

Leo barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ina lami, na mahindi yanasafiri katika viroba vya plastiki. Mwaka 2017 kila mkoa uliagizwa kuwa na viwanda 100. Wanafunzi wangu na ninyi maofisa wa mikoa na halmashauri, hesabu ya viwanda ni rahisi kujazwa katika fomu. Naomba fomu hiyo iongezwe safu tatu: kiwanda kimetumia asilimia ngapi ya uwezo wake mwaka huu, malighafi yake inatoka wapi, na nani ana mamlaka ya kuizuia isifike. Mwanaharakati anayedai uwajibikaji aanzie kwenye safu hizo, kwa sababu mkulima wa Ufipa hufaidika na tairi lililotoka kiwandani, si na tairi ambalo kiwanda kingeweza kulitengeneza.