Kauli ya Kutendua katika Vitufe vya Kikokotoo

Wanafunzi wa shule za sekondari za Kakamega, kama wenzao kote nchini Kenya, husoma hisabati kwa Kiingereza. Kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba maandishi ya vitufe vya kikokotoo cha kisayansi ni ya Kiingereza, na kwamba hayamhusu mwanaisimu wa Kiswahili. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa dhana zote mbili hazina msingi.

Tuanze na asili. Sin imetokana na neno la Kisanskriti jiva, yaani upote wa upinde. Waarabu waliliandika kwa konsonanti zake tu. Baadaye likasomwa jayb, yaani mkunjo wa vazi kifuani, na wafasiri wa Ulaya wakalitia katika Kilatini kuwa sinus. Log ni kifupisho cha neno aliloliunda John Napier wa Scotland kutokana na Kigiriki, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1614. Henry Briggs ndiye aliyeendeleza logi zenye msingi wa 10.

Kabla ya mwaka 1972, ilipotoka HP-35, kikokotoo cha kwanza cha kisayansi cha kutia mfukoni, mwanafunzi alitegemea sana kitabu cha majedwali. Ili kuzidisha 2 kwa 3, alisoma logi ya 2, yaani 0.3010, akaijumlisha na ya 3, yaani 0.4771, akapata 0.7781. Kisha alifungua ukurasa mwingine, wa antilogi, ili kuirudisha namba hiyo kuwa 6 kwa kukadiria. Hatua ya kurudi ilikuwa na ukurasa wake na jina lake.

Mtihani wa KCSE, ulioanza mwaka 1989, baadaye uliruhusu vikokotoo pamoja na majedwali. Katika kikokotoo hatua ya kurudi imefichwa nyuma ya kitufe kiitwacho SHIFT: log hugeuka kuwa 10ˣ, na sin kuwa sin⁻¹. Alama hiyo ya -1, aliyoitumia John Herschel mwaka 1813, ndiyo ipotoshayo, kwani mwanafunzi huweza kuisoma kama 1 kugawanywa kwa sin. Tofauti si ndogo. Sin⁻¹ ya 0.5 ni digrii 30, ilhali 1 ikigawanywa kwa sin ya digrii 0.5 hutoa karibu 114.6. Anayechanganya mambo haya hupoteza alama mtihanini, hata kama kanuni yenyewe aijua.

Hapa ndipo Kiswahili kina la kusema. Katika shule za msingi za Tanzania, ambako hisabati hufundishwa kwa Kiswahili, yameenea maneno kipeo na kipeuo. Katika 2³, kipeo ni 3. Na kipeuo cha tatu cha 8 ni 2. Kwa umbo, maneno hayo yanatofautiana kwa irabu moja tu, -u-, ile ile tuionayo katika funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua. Irabu hiyo haikanushi wala haigawanyi. Inatendua, yaani inarudi kwa njia ile ile iliyojiwa. Hiyo ndiyo maana halisi ya sin⁻¹.

Hatudai kwamba SHIFT ni kauli ya kutendua kila mahali. Katika vikokotoo kadhaa huigeuza x² kuwa x³, jambo ambalo si kutendua hata kidogo. Hapana budi mwalimu abainishe vitufe vya aina hizo mbili. Lakini kwa sin, cos, tan, log na ln mfano wetu unafaa.

Aidha, lugha za Kiluhya, kama lugha nyingi za Kibantu, zina kiambishi cha kutendua. Mtoto wa Kakamega huingia darasani akiwa tayari ana dhana hiyo katika lugha ya nyumbani. Mwalimu wa hisabati na mwalimu wa Kiswahili wakikaa pamoja kwa kipindi kimoja, funga na fungua zitamweleza kile ambacho alama ya -1 imemficha.