Uvimbe wa Ateri za Tumbo na Mguu: Upasuaji Wake na Umbali wa Rufaa kutoka Tabora

Uvimbe wa ateri, unaoitwa kitaalamu anurizimu, hutokea pale ukuta wa mshipa unaotoa damu kwenye moyo unapolegea na kutanuka mithili ya puto. Tumboni hushambulia zaidi aota, ateri kuu ya mwili. Mguuni hujitokeza mara nyingi nyuma ya goti. Mgonjwa huweza kuishi nao kwa miaka bila maumivu yoyote.

Aota ya tumbo yenye upana wa sentimita 3 au zaidi huhesabiwa kuwa imetanuka. Ikiwa bado ndogo hufuatiliwa kwa ultrasaundi. Ikifikia takriban sentimita 5.5 kwa mwanaume, au 5 kwa mwanamke, upasuaji hushauriwa. Daktari hufungua tumbo, huibana aota juu na chini ya uvimbe, kisha hushona mrija wa kitambaa maalumu mahali palipoharibika. Charles Dubost alifanikisha ubadilishaji wa sehemu hiyo ya aota jijini Paris mwaka 1951. Njia nyingine, iliyotumiwa na Juan Parodi nchini Argentina mwaka 1990, hupitisha mrija uliokunjwa kwenye ateri ya kinena, bila kupasua tumbo.

Uvimbe wa nyuma ya goti hupasuka kwa nadra. Hatari yake ni damu kuganda na kuziba njia, hata mguu ukalazimika kukatwa. Tiba yake ya kawaida ni kuutenga uvimbe huo na kuipa damu njia mpya kwa vena ya mgonjwa mwenyewe. Anayekutwa nao hupimwa goti la pili na tumbo pia.

Kwa mkazi wa Tabora, umbali ni sehemu ya ugonjwa. Kutoka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, safari ambayo wapagazi wa misafara ya Unyanyembe waliifanya kwa miezi hadi pwani. Reli imeifupisha, lakini aota iliyopasuka huweza kuua kwa saa chache, na wengi hufariki kabla ya kufikishwa hospitalini. Hivyo rufaa yenye manufaa ni ile inayotolewa mapema, uvimbe ukiwa mzima.

Uvutaji wa sigara ndicho kihatarishi kikubwa kinachoepukika, jambo lisilo geni kusemwa katika mkoa maarufu kwa kilimo cha tumbaku. Hoja hapa ni kuivuta. Wanaume waliovuka miaka 65 na waliowahi kuvuta ndio wa kwanza kushauriwa kupimwa. Anayehisi kitu kikidunda tumboni amwone daktari. Maumivu makali ya ghafla ya tumbo au mgongo, yakiambatana na kuzirai, hayasubiri kupambazuke.