Mwalimu Asiyeonekana

Wapo watu wanaodhani kwamba kufundishwa na mwalimu asiyeonekana ni jambo lililozaliwa pamoja na simu za kupangusa. Wakisikia kwamba kijana wa Sumbawanga anajifunza kanuni za Newton kutoka kwa mwalimu aliyeko Marekani, bila ada wala sare, husema dunia imepinduka. Mimi nimeshika chaki miaka mingi, kwanza shuleni na baadaye katika chuo cha ualimu, na naona dunia inaendelea tu na safari ambayo sisi wenyewe tuliianza zamani, tena mapema kuliko wengi. Katika makala haya napenda kumkumbusha msomaji safari hiyo, kwani ndani yake mna funzo ambalo tukilisahau, watoto wetu ndio watakaolipa.

Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Walimu walikuwa haba, barabara zilikuwa mbovu, na magazeti yalifika vijijini yakiwa yamekwisha kufungia vitumbua. Redio, hata hivyo, ilifika. Mwaka 1973 ikaendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa muda wa wiki 12 watu walikusanyika chini ya miembe na katika madarasa, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, kisha wakajadiliana na kuamua la kufanya: nani achimbe choo, nani afyeke majani karibu na kisima. Inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni 2 walishiriki, na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo kabla ya kipindi cha kwanza kurushwa.

Ndugu msomaji, chukua kalamu ugawanye. Utaona kwamba kila kiongozi mmoja alikuwa na watu wasiofika 30, yaani darasa dogo kuliko madarasa mengi ya leo. Redio ilizungumza kwa dakika chache tu, na kazi yenyewe ilianza ilipozimwa. Wasomi wa nchi za nje walipokuja kuisifu kampeni ile, wengi walisifu redio. Sisi tuliokuwepo tulijua kwamba waliostahili sifa ni wale 75,000.

Baada ya hapo likaja jambo zito zaidi. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kwamba elimu ya msingi kwa wote, iliyokuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, ifikiwe Novemba 1977. Watoto wangeingia shuleni kwa mamia ya maelfu, na vyuo vya ualimu havikuwa na uwezo wa kutoa walimu kwa kasi hiyo. Serikali ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawapeleka katika shule za vijiji wafundishe huku wenyewe wakisoma ualimu kwa njia ya posta na redio, na mwishoni wakaitwa chuoni kwa wiki chache. Zaidi ya 35,000 walihitimu kwa njia hiyo. Watani hawakukosa la kusema. Herufi za UPE wakazipa tafsiri yao: Ualimu Pasipo Elimu.

Nilikuwa mmoja wa walimu vijana waliopewa kazi ya kuwatembelea wanafunzi-walimu hao. Nilikuwa na baiskeli, begi la makaratasi, na shule tano zilizotawanyika pande mbili za mto. Nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba redio ile ile, kipindi kile kile na kijitabu kile kile vilizaa walimu wa namna mbili. Palipokuwa na mwalimu mzoefu shuleni aliyekaa na kijana jioni, akampitishia andalio la somo na kumkosoa kwa upole, kijana alikomaa kama muhogo katika udongo mzuri. Palipokuwa hapana mtu, kijana alisikiliza, akajaza majibu, akayatuma posta, na kesho yake akaingia darasani akiwa hajui aanzie wapi. Baadhi yao hao hao wa UPE nilikutana nao baadaye wakiwa walimu wakuu, tena wazuri. Sijapata kumcheka hata mmoja wao.

Nchi nyingine nazo zilijaribu kwa njia zao. Kodivaa ilianza mwaka 1971 kufundisha shule za msingi kwa televisheni, na mwaka 1982 mpango ule ukasimamishwa. Gharama zilikuwa kubwa, na walimu pamoja na wazazi walikuwa wamechoka nao. Mwalimu aliyefanywa kuwa mtu wa kuwasha na kuzima mtambo hawezi kuupenda mtambo huo. Uingereza, kwa upande wake, ilifungua Chuo Kikuu Huria ambacho kilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka huo huo wa 1971. Kilitumia televisheni na redio, lakini kila mwanafunzi alipewa mkufunzi wa kumsahihishia kazi zake. Chuo hicho kipo hadi leo, na kwetu Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kinajulikana mikoani kwa vituo vyake, ambako wanafunzi hukutana na watu wa kuwaongoza.

Sasa tufike kwenye intaneti. Mwaka 2001 chuo kikuu cha MIT kule Marekani kilitangaza kwamba kitaweka mihtasari na maandiko ya masomo yake wazi, bure, kwa mtu yeyote duniani. Mwaka 2005 ikaanzishwa YouTube. Kabla ya hapo kidogo, mwaka 2004, kijana mmoja wa Boston aitwaye Salman Khan alianza kumfundisha hisabati binamu yake aliyekuwa New Orleans, kwa simu na kompyuta. Ndugu wengine wakaomba nao wafundishwe. Mwaka 2006 akaanza kuweka masomo yake kwenye YouTube ili asirudie maneno yale yale kila siku, na mwaka 2008 akaunda Khan Academy, taasisi isiyotafuta faida. Mwaka uliofuata aliacha kazi yake ya mambo ya fedha ili afanye hiyo tu.

Khan mwenyewe amesimulia kwamba ndugu zake walimwambia wanampenda zaidi akiwa kwenye video kuliko akiwa mwenyewe. Wengi hucheka wakisikia hivyo, lakini mwalimu anapaswa kutafakari. Katika video mtoto anaweza kumsimamisha mwalimu, akamrudisha nyuma mara saba, na mwalimu asikunje uso. Nani kati yetu hajawahi kumwona mwanafunzi akitikisa kichwa kuwa ameelewa, huku macho yakisema hajaelewa? Katika madarasa yetu yenye watoto 80 au 100, kuuliza mara ya pili ni kujitafutia kicheko cha wenzio, na pengine karipio la mwalimu. Video imemwondolea mtoto aibu hiyo. Hilo peke yake ni jambo kubwa, na wazee wa ualimu tulikubali bila kinyongo.

Hata hivyo, historia ina tabia ya kurudia maswali yake. Mwaka 2011 chuo kikuu cha Stanford kilifungua somo la akili bandia bure kwa dunia nzima kwa njia ya intaneti. Walijiandikisha watu wapatao 160,000. Waliomaliza hawakufika 25,000. Waliojiandikisha kwa furaha wakakwama njiani hawakuwa wajinga. Walikuwa peke yao, na mtu aliye peke yake akikutana na ukuta hurudi alikotoka.

Lipo na tatizo jingine ambalo nimelishuhudia nyumbani. Mjukuu wangu alitazama masomo sita ya logarithi kwa jioni mbili, akaniambia, “Babu, logarithi nimezimaliza.” Nilimpa swali moja kwenye karatasi. Alilitazama kwa muda mrefu, akaniomba simu ili aangalie tena. Mwalimu mzuri wa video hulainisha njia hata mtazamaji akadhani ametembea kwa miguu yake mwenyewe. Anayetazama wenzake wakiogelea hutoka pwani akiwa mkavu. Tulikubaliana kwamba kila dakika 10 za kutazama zilipiwe dakika 20 za kukokotoa, simu ikiwa imefunikwa kifudifudi mezani. Alinuna, lakini alifuata, na baada ya wiki tatu ndiye aliyekuwa akinitungia mimi maswali.

Bara letu la Tanzania lilipata televisheni mwaka 1994 tu, wakati Zanzibar ilikwisha kuwa nayo tangu mwaka 1973. Mkonga wa mawasiliano wa chini ya bahari ulifika pwani yetu mwaka 2009, na tangu hapo intaneti ikaanza kushuka bei. Watu wetu hawakulala. Mwaka 2014 kilianza Ubongo Kids, kipindi cha katuni kinachofundisha hisabati kwa Kiswahili. Walimu wetu pia, wengine nikiwafahamu, husimama mbele ya ubao na simu iliyofungwa kwenye kigingi, wakafundisha kwa muhtasari wetu na kwa lafudhi ambayo mtoto wa Kigoma haitafuti kwa tochi.

Kisha ukaja ugonjwa wa corona. Shule zilifungwa Machi 2020, na kidato cha sita wakarudi tarehe 1 Juni, wengine mwishoni mwa mwezi huo. Katika miezi ile mitatu kila mmoja alisema watoto wasome kwenye redio, televisheni na simu. Baadhi walisoma. Katika mtaa wetu niliona nyumba moja ina simu tatu zenye bando, na nyumba ya pili yake ina simu moja ya tochi ambayo baba huondoka nayo alfajiri. Masomo yalikuwa bure, lakini njia ya kuyafikia ilikuwa na ushuru. Neno “bure” lina unyofu kwa mwenye umeme tu.

Pamoja na hayo sitaki msomaji adhani nayadharau masomo haya, kwani nawajua watu ambao bila hayo wangekuwa gizani. Katika miaka ile kabla ya Novemba 2021, msichana aliyepata mimba hakuruhusiwa kurudi katika shule ya serikali. Binti mmoja wa jirani yangu aliachia masomo kidato cha pili. Alikuwa akiuza mihogo ya kukaanga mchana na kunyonyesha usiku. Shemeji yake alimwachia simu yenye kioo kilichopasuka, naye akawa anatazama masomo ya biolojia na ya Kiingereza mtoto akilala. Alitaka kufanya Mtihani wa Maarifa, kisha mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Alinijia siku moja, akaamkia, akasema, “Babu, huyu mwalimu wa kwenye simu anajua sana, ila nikimuuliza hanijibu.” Sijasikia mtaalamu yeyote wa elimu aliyelieleza jambo hili vizuri kuliko binti yule. Tulitafuta wenzake wawili waliokuwa katika hali kama yake, tukaomba chumba shule ya msingi, tukawa tunakutana Jumamosi alasiri. Wiki nzima walitazama, na Jumamosi waliuliza. Mara nyingi walijibizana wao kwa wao, mimi nikawa msikilizaji. Yule binti alifaulu Mtihani wa Maarifa, na baada ya hapo kidato cha nne, hisabati akiipata kwa D ambayo aliisherehekea kuliko A ya mtu mwingine. Wa pili alifaulu baadaye. Wa tatu aliolewa akahama, na mpaka leo sijui kama alifungua tena daftari.

Basi funzo ni lipi? Mwaka 1973 tulikuwa na redio duni na viongozi wa vikundi 75,000. Leo tuna walimu hodari wa dunia nzima ndani ya mifuko yetu, na vikundi hatuna. Jambo linalowezekana kwa gharama ndogo ni kila kata kuwa na mahali pamoja, shuleni au kwenye kituo cha walimu, ambapo masomo yanapakuliwa mara moja na kunakiliwa kwenye simu za watoto bila kila mmoja kununua bando; na hapo hapo awepo mtu mmoja, mwalimu mstaafu au kijana aliyemaliza kidato cha sita, anayekaa na kikundi baada ya video kuzimwa. Vyuo vya ualimu navyo viwafundishe wanachuo kuongoza kikundi kilichokwisha kusikia somo kwa mtu mwingine. Kule Colorado, tangu mwaka 2007, walimu wawili wa kemia, Bergmann na Sams, walifanya hivyo: video nyumbani, maswali darasani. Kazi ya mwalimu haikupungua, iliongezeka uzito.

Wastaafu wenzangu, mnaolalamika barazani kwamba simu zimetunyang'anya heshima, hebu tazameni dirishani. Yupo mtoto amekaa na simu yake, amefika mahali ambapo mwalimu wa kwenye kioo hawezi kumjibu. Anahitaji mtu wa kumuuliza. Pensheni haikutuzuia kujibu.